Kila Mtu Ameshafika Pangani

Chukua andiko lolote la kitalii kuhusu Pangani, la Kiingereza au la Kiswahili, kisha tafuta sentensi inayoeleza mwandishi alifikaje pale. Mara nyingi hutaiona. Sentensi ya kwanza inamkuta mwandishi tayari yuko ukingoni mwa mto, mbele ya Boma, upepo wa bahari umeshaanza kuvuma na minazi imeshaanza kuinama. Mji umewekwa mezani kama sahani ya pilau, na hakuna anayekuuliza nani alipepeta mchele.

Mimi nasoma maandiko hayo nikiwa Nyasubi, Kahama, na kwa mtu wa Kahama pengo hilo linaonekana haraka. Mji wetu haumo katika vitabu vya watalii. Ukitajwa, hutajwa kama mahali ambapo basi husimama. Malori ya Rwanda na Burundi hupita hapa, mabasi ya kwenda Kanda ya Ziwa hupita hapa, na watu wengi wa Tanzania wanaosema wameiona Kahama wameiona kupitia dirisha, wakinunua maji na karanga kwa mkono ulionyooshwa kutoka juu. Sisi tumekua tukijua kwamba mji ni stendi kwanza, halafu ndiyo mambo mengine. Kwa hiyo ninaposoma habari za mji mkongwe wa mtoni ambao hauna stendi, hauna konda, na hauna mtu aliyesimama juani akisubiri, naanza kushuku kwamba kuna kitu kimefichwa.

Hoja yangu katika makala haya ni hii: andiko linaloficha njia ya kufikia mji huishia kuficha pia mji huo ni wa nani. Pangani ni mfano mzuri wa kuijaribu hoja hii, kwa sababu historia yake yote ni historia ya usafiri. Mto Pangani hutokea kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, ukasafiri kama kilomita 500, ukapita bwawa la Nyumba ya Mungu, ukasukuma mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani, kisha ukaingia Bahari ya Hindi. Mji uko ukingo wa kaskazini. Ng'ambo, upande wa kusini, kuna Bweni. Katikati kuna maji mapana ya rangi ya udongo. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka bara ya kaskazini iliishia hapa, mashamba ya miwa yakalimwa kandokando ya mto, na majahazi yakapeleka mali Unguja. Hakuna jiwe katika mji ule ambalo halikuletwa na mtu aliyekuwa safarini au aliyelazimishwa kusafiri.

Tuanze na mgeni maarufu kuliko wote. Richard Burton alifika Pangani mapema mwaka 1857 pamoja na John Speke, miezi michache kabla ya safari yao kubwa ya kwenda Tanganyika. Walikuja kwa chombo kutoka Unguja, wakipitia Mombasa na Tanga, kisha wakapanda mto na kwenda kwa miguu hadi Fuga, Usambara, kumwona mtawala Kimweri. Burton aliyaandika hayo kwa urefu katika kitabu chake kuhusu Zanzibar na pwani, kilichotoka mwaka 1872. Sina haja ya kumtetea. Dharau yake kwa watu wa pwani inajulikana, na inachosha. Lakini lazima nikiri sifa moja ya maandishi yake: njia imo. Chombo kinayumba, wapagazi wanabishana, homa inapanda, mtu anadai malipo. Hata unapomchukia unajua alipita wapi, alimlipa nani, na nani alimbebea mzigo. Msomaji wa leo anaweza kuyageuza maandishi yale dhidi ya mwandishi mwenyewe, kwa sababu ushahidi haukufutwa.

Vitabu vya watalii vya zama zetu ni vya adabu zaidi kuliko Burton, na ushahidi wao ni mdogo zaidi. Vinakupeleka kwenye Boma lenye milango ya nakshi, vinakusimulia hadithi ya watumwa waliozikwa hai chini ya misingi yake, vinakupitisha kwenye nyumba za zamani za wafanyabiashara wa Kihindi, kisha vinakuelekeza kwenye fukwe za Ushongo na kisiwa cha mchanga cha Maziwe. Hadithi ya watumwa chini ya msingi inarudiwa kila mahali kwa maneno yaleyale, na haina mwendelezo. Watumwa wanatokea mara moja tu, wakiwa wamekufa, ili kulipa jengo uzito. Walitoka wapi? Walikuja kwa njia ipi? Wajukuu wa waliopona wako mtaa gani leo? Hapo kitabu kimeshafungua ukurasa wa hoteli.

Sisemi hivyo kwa sababu nachukia hoteli. Nasema kwa sababu mpangilio wa habari unafuata mpangilio wa gari. Anayeletwa na gari la kukodi huona vituo: jengo, picha, jengo, picha, bahari. Kati ya kituo na kituo kuna kiyoyozi. Na ukiandika kama ulivyosafiri, mji nao unakuwa orodha ya vituo.

Jibu rahisi ni kusema: basi tupande daladala. Jibu hilo halitoshi, na kuna kitabu kinachoonyesha kwa nini. Mwaka 2002 Paul Theroux, Mmarekani aliyewahi kufundisha Malawi na Makerere miaka ya 1960, alitoa kitabu cha safari yake kutoka Cairo hadi Cape Town kwa nchi kavu, Dark Star Safari. Huyu hakujificha kwenye gari la kukodi. Alivuka Ziwa Victoria kwa meli hadi Mwanza, kisha akapanda treni hadi Dar es Salaam. Maana yake alipita Shinyanga na Isaka. Alipita jirani na kwetu, kwenye behewa, kama abiria wengine.

Lakini soma anavyoona. Usafiri wa umma kwake ni kipimo cha ujasiri wake na ushahidi wa uchakavu wetu. Treni ikichelewa, Afrika imechelewa. Choo kikiwa kichafu, uhuru umeharibika. Yeye ni abiria aliyechagua kuwa abiria, na uchaguzi huo unampa haki ya kuhukumu ambayo wenzake wa behewani hawana habari nayo. Mama aliyekaa mbele yake na kuku kwenye tenga hasafiri ili kujua hali ya bara. Anakwenda msibani, au anakwenda kumpeleka mtoto kwa bibi yake, na treni ikichelewa anachohesabu ni kama atawahi mazishi. Theroux anaandika kuhusu kuchelewa. Kilichopotea kwa kuchelewa huko hakiandiki, kwa sababu si yeye aliyekipoteza.

Kwa hiyo tofauti haiko kwenye chombo. Mtu anaweza kuwa mtalii ndani ya daladala, tena mtalii mbaya. Kinachomfanya mtu kuwa abiria ni kwamba anategemea chombo kile, na ana jambo mwisho wa njia.

Fasihi yetu iliwahi kulijua hilo vizuri. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha mkusanyo wa masimulizi ya Waswahili kuhusu safari zao, Safari za Wasuaheli. Humo yumo Sleman bin Mwenye Chande, anayesimulia safari ya biashara kuingia bara, na Salim bin Abakari, Mngazija, aliyekwenda na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Nani amemsomesha kijana wa Kitanzania kwamba mtu wa Komoro aliandika kuhusu Siberia kwa Kiswahili zaidi ya miaka 120 iliyopita? Mimi shuleni sikuambiwa. Ni kweli kwamba masimulizi haya yalikusanywa na mkoloni kwa sababu zake, na tunapaswa kuyasoma tukijua hivyo. Lakini namna yake ya kusimulia ni yetu. Msimulizi anakwenda siku kwa siku. Tulitoka hapa, tukalala pale, tulidaiwa hongo kiasi hiki, chakula kilikuwa hivi, mwenyeji alisema vile. Hakuna anayeanza akiwa ameshafika. Neno lenyewe, safari, linamtaka msomaji atembee.

Tukiweka kipimo hicho mbele, tunaweza kuuliza: Pangani ingeandikwaje na mtu aliyetoka Nyasubi?

Ingeanza na basi, bila shaka, na ingechukua kurasa kadhaa kabla ya bahari kutokea. Kagongwa, Isaka, Tinde, Nzega, Igunga, mlima wa Sekenke, Singida. Ukipita Dodoma utateremka hadi Chalinze na kupanda tena kaskazini hadi Segera. Ukipita Babati na Arusha utakuja Segera kutoka upande wa pili. Vyovyote vile utafika Tanga ukiwa na miguu iliyovimba, na bado hujafika. Usafiri mdogo wa Pangani ni kosta na Noah zinazojaza kwanza ndipo ziondoke, na huo muda wa kujaza ni sehemu ya ziara. Ukikaa siti ya dirishani kwa dakika arobaini stendi ya Tanga utajua nani anakwenda Pangani na kwa nini: mwalimu aliyekwenda kufuatilia mambo ya mshahara, mvuvi anayerudi na nyavu mpya, binti wa chuo na sanduku, mzee aliyetoka hospitali na bahasha kubwa ya picha ya eksirei aliyoikumbatia ili isikunjwe. Kitabu cha watalii kitakuambia Pangani ni mji uliolala. Kosta itakuonyesha kwamba wenyeji wake wako macho tangu alfajiri, wamekwenda Tanga kutafuta kile ambacho mji wao hauna.

Njia ni kama kilomita 50. Kushoto, kabla hujafika nusu, kuna Tongoni, magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 15 hivi. Hapa kosta haisimami kwa ajili ya magofu. Inasimama kwa ajili ya watu wa Tongoni. Mama mmoja atashuka na ndoo, na wewe kwa sekunde kadhaa utaona kijitabu cha historia na kijiji kinachoishi vikiwa na jina moja. Nilimsikia konda akiulizwa na abiria mgeni, "Hapa ndipo penye makaburi?" Akajibu bila kugeuka, "Makaburi yapo kila mahali, kaka. Hapa ni Tongoni. Unashuka au hushuki?" Katika yote niliyosoma kuhusu urithi wa pwani, sijaona hoja fupi zaidi ya hiyo kuhusu makosa ya kuugeuza mji kuwa makumbusho.

Kisha mkonge. Mistari iliyonyooka, majani kama mikuki, shamba baada ya shamba kuelekea Kigombe. Mtu wa gari la kukodi huupiga picha kwa sababu mistari yake inapendeza. Mtu wa kwetu anapaswa kunyamaza kidogo hapa.

Mkonge haukuwa zao la asili hapa. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, na ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto, upande wa Bweni. Kutoka kwenye miche hiyo 62 yalitokea mashamba ya Tanga, ya Korogwe, ya Morogoro, na zao lililoifanya Tanganyika iongoze duniani, ikiuza nje zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960. Na zao hilo lilihitaji mikono. Watu wa pwani waliijua kazi ile na wengi hawakuitaka, kwa hiyo mikono ilifuatwa mbali: Ubena, Uha, Unyamwezi, Usukuma, hata nje ya mipaka. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri vibarua, SILABU. Watu walisafirishwa kwa treni na malori, wakapewa namba na kipande cha kuhesabia siku za kazi. Kutokana na namba hiyo wakaitwa manamba.

Nyasubi kuna mzee mmoja jirani yetu ambaye baba yake alikwenda mkonge. Ndivyo walivyosema, "amekwenda mkonge", kama vile mkonge ni mji. Nilimuuliza kama baba yake aliwahi kusimulia kuhusu bahari. Akacheka. "Bahari gani, mjukuu wangu? Alisimulia jinsi miba inavyochoma, na jinsi namba yake ilivyokuwa ndefu kuliko jina lake." Alirudi na baiskeli na blanketi. Alikaa miaka kadhaa katika mkoa ambao leo watu hulipa fedha nyingi kuutembelea, na kitu alichokiona zaidi ni jani la mkonge.

Hao ndio wasafiri wa kwanza kutoka kwetu kwenda ukanda ule kwa wingi katika karne iliyopita, na hakuna ukurasa wa kitalii unaowataja. Kitabu kinakuvusha hadi Bweni ili ufike ufukweni. Kinapita kando ya Kikogwe, mahali zao zima la nchi lilipoanzia, bila kupunguza mwendo. Hii ndiyo gharama ya kuanza andiko ukiwa umeshafika. Ukifuata barabara kwa basi kutoka Kahama, mkonge unakuwa habari ya familia yako. Ukitokea moja kwa moja ukingoni mwa mto, mkonge ni mandhari.

Kuna maandishi mawili ambayo yangeweza kutusaidia kuona tofauti hii, na ninashangaa waandishi wetu wa safari hawayagusi. La kwanza ni utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanachuoni wa pwani ya Tanga, kuhusu vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Aliutunga wakati vumbi la vita lilikuwa bado halijatulia. Utenzi unatazama kutoka nchi kavu. Wanaofika ni wengine, kwa merikebu, na wenyeji ndio wanaosimama ufukweni wakiuliza hawa ni nani na wametumwa na nani. Ukiusoma baada ya Burton ni kama kugeuza kiti: sasa umekaa upande wa wanaotazamwa, na unagundua kwamba wao nao walikuwa wakitazama.

Andiko la pili ni kitabu cha Jonathon Glassman, Feasts and Riot, cha mwaka 1995, kinachohusu pwani kati ya mwaka 1856 na 1888, na Pangani ndiyo moyo wake. Shuleni tulifundishwa kisa kwa ufupi. Agosti 1888 Emil von Zelewski wa kampuni ya Kijerumani akapandisha bendera Pangani na kuingia msikitini na mbwa wake. Watu wakachukia, Abushiri bin Salim al-Harthi akaongoza vita, naye akanyongwa hapohapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski mwenyewe aliuawa na Wahehe wa Mkwawa pale Lugalo, Agosti 1891. Glassman anauliza swali ambalo daftari letu halikuuliza: umati uliojaa mjini siku zile ulikuwa wa nani? Anaonyesha kwamba mle hawakuwemo mabwana wa pwani tu. Walikuwemo watumwa wa mashambani, wapagazi, watu wa bara waliokuja na misafara, watu waliokuwa wakigombania kwa miaka mingi haki ya kuhesabiwa kuwa watu wa mji: kula karamu, kuingia ngomani, kuvaa kama waungwana. Vita dhidi ya Mjerumani vilichanganyika na ugomvi huo wa ndani.

Kitabu hicho kina mipaka yake. Ni kigumu kusoma, kiko kwa Kiingereza, bei yake si ya kijana wa Kahama, na kinaishia kabla mche wa kwanza wa mkonge haujashuka Kikogwe. Lakini kinatoa kitu ambacho hakuna ukurasa wa kitalii umewahi kukitoa: swali la nani ana haki ya kuwa mtu wa Pangani. Na swali hilo halijaisha. Unalikuta tena kwenye kosta, pale mzee mmoja anapomuuliza kijana mwenye lafudhi ya bara, "Wewe wa wapi?" na kijana anajibu, "Wa hapahapa, babu. Baba alikuja mkonge."

Sasa kivuko. Waandishi wa kitalii huutaja mstari mmoja: utavuka kwa pantoni, dakika chache tu. Kweli ni dakika chache, ukishapanda. Lakini kivuko cha TEMESA si daraja. Kiko ng'ambo wakati wewe uko huku. Wakati huo wa kusubiri, mji wote unajipanga mbele yako: bodaboda, pikipiki zenye mikungu ya ndizi, gari la wagonjwa likipewa nafasi ya mbele, wanafunzi wa Bweni wenye sare, mtu wa nazi, mtu wa samaki, gari la hoteli lenye wageni wanne waliofunga vioo. Nauli ya mtu kwa miguu haifiki bei ya soda. Kwa muda huo mfupi wote wako sawa mbele ya mto, hata waliofunga vioo. Kama ningeambiwa nichague mahali pamoja pa kumpeleka mgeni Pangani, ningeacha Boma na kumpeleka pale kwenye foleni.

Lakini hapa lazima nijizuie, kwa sababu ni rahisi sana mpita njia kupenda foleni ya wengine. Dada mmoja wa Bweni, muuza samaki, aliniona nikiandika na akaniuliza naandika nini. Nikamwambia naandika kuhusu kivuko. "Andika kwamba usiku kikilala tunalala nacho," akasema. "Andika mwenye uchungu wa mimba anasubiri." Serikali imeweka daraja la Pangani katika mradi wa barabara ya pwani ya kutoka Bagamoyo hadi Tanga kupitia Saadani, na kwa watu wa Bweni daraja si suala la urembo wa mandhari. Mtu anayesema kivuko kibaki kwa sababu kinapendeza ni ndugu wa Theroux: anaona tabia ya chombo, haoni kilichopotea ng'ambo.

Hata hivyo, mtu wa Kahama anajua jambo jingine kuhusu barabara. Pangani ilianguka kwa sababu ya usafiri. Wajerumani walipoanza kujenga reli mwaka 1893 waliianzia Tanga, ikaelekea Usambara na baadaye Moshi, na mizigo iliyokuwa ikishuka na misafara hadi mto Pangani ikahamia bandari yenye reli. Mji haukulala, kama vitabu vinavyopenda kusema. Ulirukwa. Sisi tumeinuka kwa sababu iyo hiyo, ila upande wa pili: barabara kuu imetupitia katikati, na dhahabu imetupa jina. Mgodi wa Buzwagi ulifunguliwa mwaka 2009 ukafungwa 2021, mbele ya macho ya kizazi kimoja. Tunajua mji unavyonenepa pale magari yanaposimama, na tunajua hofu ya siku ambayo hayatasimama. Daraja litawapa Bweni usiku wao. Linaweza pia kuigeuza Pangani kuwa kile ambacho Kahama imekuwa kwa wengi, jina linalopita dirishani. Mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli, na andiko zuri la safari lina nafasi ya kuyabeba pamoja.

Ndiyo maana nasema ukosoaji wa maandishi haya si jambo dogo la mtindo. Vijana wengi wa Kitanzania sasa wanaandika safari zao, na naona wanarithi umbo la kijitabu cha hoteli: picha, sifa, mahali pa kula, kwaheri. Wanajiandika kama wageni katika nchi ambayo babu zao waliivuka kwa miguu, kwa behewa, na nyuma ya lori la SILABU. Wakati mwingine nadhani wanaona haya. Kufika Pangani kwa kosta, umebanwa kati ya ndoo na gunia, hakupendezi kwenye picha. Basi wanaikata sehemu hiyo, na pamoja nayo wanakata Tongoni, Kigombe, Kikogwe, yule kijana wa lafudhi ya bara, na yule mzee mwenye bahasha ya eksirei.

Wahariri wa mikusanyo ya safari wangeweza kusaidia kwa sharti moja dogo: mwandishi aeleze alikujaje, alikaa karibu na nani, na alisubiri nini. Si kwa ajili ya kuonyesha ugumu. Ugumu umeandikwa vya kutosha na watu waliokuja kuutafuta. Ni kwa sababu majibu ya maswali hayo matatu, ukiyafuata kwa uaminifu kutoka Kahama hadi ukingo wa kusini wa mto Pangani, yanakufikisha kwenye shamba ambalo miche 62 ilipandwa, na huko utakuta watu wenye majina ya kwetu. Wengine wanajua kijiji walikotoka babu zao. Wengine wanakijua kwa jina tu, na watakuuliza kama bado kipo.